Magoti Yaliyokwenda Ulaya

Mwaka ule ilipotangazwa kwamba mkoa wetu utapeleka vijana kwenye tamasha la vijana wa dunia, huko Ulaya ya Mashariki, kazi ya kuwatayarisha niliangushiwa mimi. Nasema niliangushiwa kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Kishanda na katibu wa vijana wa tawi la chama, cheo ambacho malipo yake yalikuwa lawama. Lakini kazi ile ilikuwa na utamu mmoja: msemaji wa ujumbe angekuwa msichana, angesimama mbele ya mataifa kueleza habari za mwanamke katika ujamaa, na kila mtu alijua msichana huyo ni mimi. Nilitaka kwenda. Sikuwahi kutaka kitu kingine kwa namna ile, na sijataka tena.

Tuliletewa mkufunzi kutoka Dar es Salaam, kijana msafi, mwenye sauti ya redio. Alipofika shuleni wasichana wangu wa ngoma walimpokea kama tunavyompokea mgeni yeyote. Walishusha magoti, wakatoa mikono miwili, wakasema waitu, neno letu la heshima. Akaruka nyuma kama mtu aliyekanyaga siafu.

"Ndugu hapigiwi magoti," alisema. "Huko tuendako wasichana wanapeana mikono na marais. Mkianguka chini namna hii mtatuaibisha."

Jioni nyumbani kwetu alipewa kahawa ya kutafuna katika kikapu kidogo, akaitia mfukoni. Kwetu kuacha kuitafuna ni kumkataa aliyekupa. Tulimsamehe kwa kuwa hakujua.

Mimi maneno yake niliyashika kama nilivyoshika katekisimu. Nilikuwa kijana, nimesoma, na nilichoka kuwapigia magoti wanaume ambao nikiwapa barua wananiomba niwasomee. Kila alasiri, baada ya mazoezi ya ngoma, nilikaa kwenye kiti uwanjani nikijifanya rais wa nchi fulani. Wasichana walikuja mmoja mmoja, wima, macho mbele, mkono mmoja tu. Walijifunza upesi. Aliyenitoa jasho ni msichana mmoja wa Kaagya, aliyekuwa amemaliza darasa la saba na akilala kwetu wakati wa mazoezi. Alicheza kuliko wote, ila akifika mbele ya kiti magoti yake yalijikunja yenyewe.

"Mwalimu, naona aibu," alisema.

"Aibu ya nini?"

"Ya kumtazama mkubwa kutoka juu."

Nilimrudisha mara nyingi mpaka akalia.

Baba yangu alikuwa akitutazama kutoka ukingo wa kibanja chake, huku akipalilia mibuni. Siku moja aliniuliza, "Na mimi mtaanza kunishika mkono lini?" Nilicheka. Nikamwambia ya huko ni ya huko, ya nyumbani hayaguswi. Jioni ile nilimpigia magoti kama kawaida, akaniwekea mkono kichwani. Jumapili, watu walipotoka misani, nilimsikia akiwaambia wenzake kwamba bintiye atawahutubia Wazungu. Baba hakuwa mtu wa majivuno. Siku ile alijivuna, na mimi nikamwacha ajivune.

Siku ya kupitishwa na kamati ya mkoa tulikwenda Bukoba, kwenye ukumbi uliokuwa umefagiliwa mpaka unanuka vumbi. Mezani alikaa mwenyekiti wa kamati, mzee wa kwetu hukuhuku, na wazee wenzake. Pembeni yake alikaa mkufunzi wetu na kalamu yake. Niliingia wa kwanza. Nilisimama wima, nikanyoosha mkono.

"Habari za asubuhi, Ndugu Mwenyekiti."

Aliupokea mkono. Macho yake hayakuwa usoni pangu. Yalikuwa kwenye magoti yangu, yakisubiri.

"Kwenu ni wapi?"

"Kishanda, Muleba."

"Baba yako yu hai?"

"Yu hai."

"Na mama?"

"Wote wapo."

"Basi hawana udhuru," alisema, na wazee wenzake wakacheka.

Nilimtazama mkufunzi. Alikuwa ameinama, anaikagua kalamu. Nilijikaza nikatoa hotuba yangu yote bila kukosea neno, na hakuna aliyeisikiliza. Waliofuata waliingia wima kama nilivyowafundisha, mpaka ikafika zamu ya msichana wa Kaagya. Magoti yake yakafanya yale yaliyoyazoea. Mwenyekiti alitabasamu kwa mara ya kwanza asubuhi ile.

Yeye ndiye aliyepewa nafasi yangu. Wasichana wengine waliachwa, wakasemwa hawana adabu, na wazazi wao mpaka leo wananitazama kama mchawi. Wavulana wa ngoma walipita wote. Hakuna aliyeuliza magoti yao yako wapi.

Nje nilimkamata mkufunzi kabla hajapanda gari.

"Wewe ndiye uliyetufundisha kusimama," nilimwambia.

"Nilisema huko, dada. Hapa si huko. Ungeangalia mazingira."

Nimekutana na waongo wengi tangu wakati ule, wengine wakubwa kuliko yeye, lakini huyu ndiye ninayemchukia bado. Mwenyekiti angalau aliamini alichokifanya.

Halafu wakaniagiza nimfundishe yule msichana hotuba, kwa kuwa mwandishi wake nilikuwa mimi. Nilimfundisha. Nilimfundisha kwa ukali usio na sababu, naye alikuwa akiitikia "ndiyo, mwalimu", amepiga magoti.

Maneno ya ukumbini yalifika Kishanda kabla yangu. Nilimkuta baba amekaa mlangoni. Nilishuka kumsalimu. Mkono wake haukuja kichwani.

"Nimesikia sina udhuru," alisema.

Tangu siku ile aliitikia salamu zangu akiitazama migomba, na kanisani akaanza kukaa benchi la nyuma.

Wajumbe walisafiri kwa meli ya Mwanza, wakaendelea mbele. Aliporudi, msichana yule alikuja kwetu kutusalimu, amevaa viatu vya huko, amenenepa kidogo. Nilimuuliza uani kama hotuba ilipokelewa vizuri.

"Haikusomwa, mwalimu. Walisema muda umekwisha."

"Sasa ulifanya nini?"

"Niliwapa wageni kahawa ya kutafuna, kama huku. Wapiga picha waliniambia nipige magoti tena, halafu tena, kwa sababu mwanga ulikuwa mbaya." Akaondoa udongo kwenye kiatu. "Sakafu ya huko ni mawe. Magoti yaliniuma sana."

Mkufunzi alikuwepo? Alikuwepo. Yeye ndiye aliyekuwa akiwaonyesha wapiga picha pa kusimama. Nilitamani kucheka, nikashindwa. Sikuweza hata kumchukia mtoto yule, na hilo nalo liliniudhi.

Aliingia ndani, akashusha magoti mbele ya baba. Baba alimshika mikono yote miwili, akamuuliza habari za safari, za baridi, za chakula, akachelewa kumwachia. Nilikuwa sijamsikia akiongea kiasi kile tangu nirudi kutoka Bukoba.

"Huyu amelelewa," alisema.

Nilikuwa mlangoni, nimeshika kikapu cha kahawa. Nilimpa mgeni wetu kwanza, kisha nikamgeukia baba, nikaanza kushuka.

"Simama," alisema. "Ulishajifunza."

Magoti yangu yalikuwa bado hayajagusa chini. Nilisimama. Nikamnyooshea kikapu nikiwa wima, nikimtazama kutoka juu. Baba alichukua punje chache, akazishika kidogo kiganjani, kisha akaziweka chini kando ya kiti chake bila kuzitafuna.