Neno Nililomsingizia Shemeji

Mimi niliishia darasa la nane, lakini hapa mtaani Nyalenda watu waliniita Mwalimu kwa vile nawaandikia barua. Jina hilo nililipenda kupita kiasi. Nasema hivi nikiona haya.

Jirani yangu, mama anayeuza omena, wale dagaa wa ziwani, alipofiwa na mumewe aliniomba niandike maisha ya marehemu, yasomwe siku ya mazishi. Alitaka Kijaluo. Nikamwambia, "Mama, karatasi ya kuchapishwa huandikwa Kiingereza." Kusema haki, nyingi nilizoziona zilikuwa hivyo. Lakini mimi nilitaka tu kuonekana.

Marehemu alisukuma mkokoteni sokoni Mamboleo miaka yote niliyomjua. Nikaandika kwamba alifanya kazi "hardly". Nilijua "hard" ni bidii, na kama "quick" huwa "quickly", nikaona na hili liongezwe mkia. Sikuuliza mtu.

Kule kwao, karibu na Sondu, karatasi ilisomwa na mdogo wa marehemu. Alisoma vizuri, kwa sauti, kama ilivyoandikwa. Alipofika hapo, wageni wanaojua Kiingereza wakacheka. Mmoja akasema, "Bwana, kumbe mkokoteni ulikuwa unajisukuma!" Nilikuwa nimeandika kwamba marehemu hakufanya kazi, au alifanya kidogo tu.

Mjane akanigeukia. "Mwalimu, wanacheka nini?"

"Shemeji yako amesoma vibaya."

Lilinitoka kabla sijafikiri. Au labda nilifikiri.

Baadaye nilifungua kamusi kubwa maktabani. Nikakuta kwamba zamani sana "hardly" ilimaanisha kwa nguvu kweli, ikawa kwa shida, ikazidi kufifia mpaka ikabaki karibu na hapana. Nilifurahi kidogo, kama mtu aliyepata shahidi. Kisha nikakumbuka kwamba shemeji niliyemsingizia hayumo kwenye kamusi.

Juzi mama alikuja tena. Wanaandaa maombi ya kumkumbuka mumewe. "Andika wewe, Mwalimu, lakini yule wa Sondu asisome. Alimwaibisha ndugu yake kaburini. Tangu siku ile simpi hata mkono."

Hapo nikamwambia yote. Alikuwa akichagua mawe kwenye omena, na hakuacha. Alichagua mpaka sinia ikaisha.

"Kwa hiyo nimemnunia mtu bure."

"Ndiyo, mama."

"Na wewe ulikuwa unaniona nikimnunia."

"Ndiyo."

"Basi utaandika Kijaluo, na atasoma yeye. Lakini kwanza utasimama wewe, mbele ya hao hao waliocheka, useme ni nani aliyekosea."

Karatasi ya marehemu nimeshaiandika, haikunichukua muda. Yangu ya kuungama nimeianza mara nne, na kila mara najikuta nimetanguliza habari ya kamusi. Naifuta. Mama alipita asubuhi kuuliza nimefika wapi. Hakuniita Mwalimu. Aliniita jirani, na sikuona pa kulalamika.