Kimya cha Pande Mbili

Juzi mjukuu wangu alitupeleka harusini Kibamba kwa kufuata simu yake. Simu ikawa inasema pinda kushoto, pinda kulia, na sisi tunapinda, mpaka ikatufikisha kwenye ukuta wa kiwanda kilichofungwa na kutangaza kwamba tumefika. Hapakuwa na harusi. Mjukuu akasema labda satilaiti zimeyumba. Mume wangu, aliyekaa mbele na suti yake, akasema ndiyo maana wataalamu sasa wanataka kusimika tena minara ya redio ardhini, izisaidie satilaiti pale zinaposhindwa. Alisikia kwenye taarifa ya habari. Alitazama ule ukuta, kisha akasema, "Wameturudia." Miaka yake mingi ya kazi alitunza mnara wa namna hiyo, na aliuona unazimwa. Mie nilikuwa na njaa, lakini njia nzima nilikuwa namuwaza baba yangu.

Miaka ya ujamaa tulikaa Chanika, kwenye nyumba ya kazi iliyokuwa chini kabisa ya mnara wa kuongozea ndege. Chanika wakati ule ilikuwa mihogo, mikorosho na nyumba za hapa na pale. Mnara haukuwa na kazi nyingi. Kutwa nzima ulitamka jina lake hewani kwa milio mifupi na mirefu, ukalirudia tena na tena, kama mtoto aliyetumwa dukani anayeogopa kusahau alichotumwa. Rubani aliyeko mawinguni asikoona chini alikuwa na mshale wa kumwonyesha milio ile inatoka wapi, na kwa hiyo akajua uwanja wa ndege uko upande gani. Mume wangu, mtu wa bara na fundi wa redio, kazi yake ilikuwa kuhakikisha mnara haunyamazi. Na yeye mwenyewe hakuwa msemaji, kwa hiyo kwenye ile nyumba mnara ndio ulioongea zaidi.

Baba alikuja kukaa nasi macho yalipokwisha. Alikuwa mchonga vinyago kutoka Newala, na presha ya macho ilimla polepole mpaka siku moja akachonga kinyago chenye masikio mawili upande mmoja, akakipapasa, akaweka patasi chini. Kaka yangu, karani wa ofisi mjini aliyekuwa na nyumba Kibamba, alitaka arudishwe Newala moja kwa moja. Kule kulikuwa na ndugu, na kulikuwa na jamvi la kukalia mtu asiyeona na kuletewa uji. Mie nikakataa. Tulizozana mpaka kaka akakubali kwa sharti moja, akalisema mbele ya baba mwenyewe: "Siku atakapopotea, siku hiyohiyo namrudisha Newala." Baba akauliza huo uji wa huko ungekuwa na sukari au hauna. Nilimfahamu vizuri. Aliogopa.

Shida ni kwamba hakutaka kukaa. Nyumba zetu kumi zilikuwa na shamba la pamoja la karanga, na kila nyumba ilitoa watu wa kulima. Balozi wetu, yaani kiongozi wa hizo nyumba kumi, alikuja kwa heshima zote kumwambia baba kwamba amesamehewa kazi. Baba alimsikiliza mpaka mwisho. "Mie kipofu," akamwambia, "sipo likizo." Karanga, kwa maelezo yake, zinang'olewa kwa mikono, na mikono yake ilikuwa inaona kuliko macho ya watu wengi aliowataja mmoja mmoja.

Kwenda na kurudi sasa. Kushikwa mkono hakutaka, alisema yeye si mwali. Ndipo mume wangu akaifungua redio yetu ndogo ya betri, akaichezea koili, ule waya wa ndani wa kunasia mawimbi, kwa jioni kadhaa, mpaka ikaacha kushika stesheni zote ikabaki inashika mnara peke yake. Ilikuwa redio yetu pekee, na mie nilikuwa nafuatilia mchezo wa redio ambao mpaka leo sijui yule mwanamke aliolewa na nani. Nilinuna, na hakuna aliyegundua.

Redio ile ukiizungusha mkononi, milio inapanda na kushuka. Ukielekeza ncha yake mnarani sawasawa, milio inakufa kabisa. Baba akafundishwa kuizungusha mpaka isikike kimya, kisha aende palipo na kimya. Mkono mmoja fimbo, mkono mwingine redio, akawa anatembea peke yake kati ya mihogo ya watu bila kukanyaga mche. Wageni waliopita walidhani anasikiliza habari.

Kasoro ilikuwa moja. Kimya kile kina pande mbili. Ncha zote za redio zinafanana, na redio haijui mbele wala nyuma. Inakupa mstari, haikuambii uko mwisho upi wa mstari. Mume wangu alilimaliza hilo kwa jua. Shamba lilikuwa magharibi ya nyumba, kwa hiyo baba akiondoka asubuhi jua liko kisogoni, akirudi jioni jua liko kisogoni tena. "Mzee," alimwambia, "wewe hakikisha tu jua linakuchoma kisogo." Ikawa hivyo. Msimu mzima wa karanga baba alienda na kurudi na kisogo chake, na kaka alipotuma mtu kuuliza habari za mzee nilijibu kwamba mzee yuko kazini.

Halafu shamba likahamishwa. Ardhi ilichoka, au mkutano uliamua kwamba imechoka, na tukapewa eneo jipya. Lilikuwa upande wa pili wa mnara, mashariki. Siku ya kwanza watu walikwenda pamoja wakiimba, na baba akakubali kwenda katikati yao kwa sababu njia ilikuwa mpya na kwa sababu alipenda kuanzisha nyimbo. Majirani walidhani mimi nimemweleza kuhusu upande. Mimi nilidhani balozi ameeleza mkutanoni. Balozi alieleza kweli, na baba siku hiyo alikuwa mkutanoni anamweleza aliyekaa pembeni yake kuhusu ubora wa mpingo.

Jioni watu walipofunga kazi baba aliwaambia watangulie, anaijua njia. Nilikuwa nyumbani nachambua mboga. Walirudi wote na majembe yao, wakanisalimia mmoja mmoja, wakapita. Wa mwisho nikamuuliza baba yangu yuko wapi. Akasema, "Si alishatoka zamani? Tena alikuwa anatembea haraka, jua likiwa mgongoni."

Niliangusha kisu. Kutoka shamba jipya, mtu mwenye jua mgongoni anakwenda kuuacha mnara. Anakwenda mikoroshoni, na mbele ya mikorosho kuna bonde, na mbele ya bonde kuna pori, na yeye amenyoosha mstari sawasawa bila wasiwasi wowote.

Nilikimbilia kwenye chumba cha mitambo. Nikamwambia mume wangu azime mnara. Milio ikikatika baba atajua kuna jambo, atasimama, tutamkuta. Mume wangu alitazama dirishani. Upande wa bahari mawingu yalikuwa yametanda, na kulikuwa na ndege inayosubiriwa. "Nikizima, mzee atasimama," akasema. "Na wale walioko juu wasimame wapi?"

Nilimwambia maneno ambayo mke hatakiwi kumwambia mume, mengine nikayatoa kwa Kimakonde ili yakae vizuri. Alishika kiti chake akakaa mbele ya mitambo. Nilimchukia kwa dakika zile zote, na nilijua hana pa kwenda. Ningekuwa na mtoto ndani ya ile ndege ningemfungia mlango kwa nje asiondoke mitamboni.

Nikatoka peke yangu. Njia ya kumpata haikuwa ngumu, hilo lazima niseme. Mtu mwingine akipotea anapotea ovyo. Baba alipotea kwa mstari. Nilichotakiwa ni kuuweka mnara kisogoni kwangu, nipite katikati ya shamba jipya, niendelee. Kila nikigeuka kuutazama nilikuwa nalia, na bado nilikuwa naona kwamba uko palepale unapotakiwa kuwa.

Nilimkuta kwenye mikorosho, kabla ya bonde. Alikuwa amekaa chini katikati ya njia, miguu ameinyoosha. Kofia yake ilikuwa imegeuzwa juu ya jani kubwa la mgomba aliloliokota wapi sijui, na ndani ya kofia alikuwa ameanika betri za redio. Betri miaka ile ziliadimika, na kila nyumba ilizianika juani ili zipate nguvu kidogo. Jua lenyewe lilikuwa limebaki la kuazima. Alikuwa amezipanga vizuri, na kila baada ya muda anazigeuza, kama dagaa.

"Nani?" akauliza.

"Mie. Shikamoo, baba." Nilishamwamkia asubuhi, lakini ndicho kilichotoka.

"Marahaba. Mmehamishwa lini?"

Sikuelewa. Akaeleza kwa utulivu. Ametembea kwa mstari, jua likiwa kisogoni, kama siku zote, na milio ikawa inazidi kufifia badala ya kukua. Sasa jambo hilo lina maelezo mawili tu. La kwanza, betri zinakufa, na hilo ndilo alilokuwa analipima. La pili, mnara unakwenda. "Nikasema labda lori limekuja. Wamewapakia nyie na nyumba na mnara wenu, mnapelekwa kijiji kingine. Si wanahamisha watu?"

Ningecheka, lakini miaka ile watu walikuwa wanahamishwa kweli. Kwao kusini alizijua familia zilizoamka asubuhi mahali pamoja na kulala pengine, na milango yao wameibeba kichwani.

"Hatujahama, baba. Tungehamaje bila wewe?"

Akageuza betri moja. "Ndicho nilichokuwa nakifikiria," akasema. "Nikasema, labda kwenye lori nafasi ilikuwa haba."

Nilikaa chini hapohapo nikalia kwa sauti. Baba akaniacha nilie. Kisha akakusanya betri zake, akavaa kofia, na kwa mara ya kwanza akanyoosha mkono ili ashikwe. Tulipokaribia nyumbani ndege ilipita juu yetu, chini kabisa, ikielekea uwanjani.

Habari zilifika Kibamba upesi, na Jumapili kaka akaja na begi tupu la kubebea nguo za baba. Aliliweka katikati ya sebule. Baba alilisikia likiwekwa. Akasema yeye hakupotea, alikwenda moja kwa moja, nyumba ndiyo iliyokuwa upande mwingine. Kaka akasema huko ndiko kupotea. Ndipo mume wangu, aliyekuwa hajasema lolote tangu ile siku, akafungua mdomo. Akasema ndege nayo ina redio kama ya mzee, ila rubani huongezewa waya wa pili, unaomwambia mbele ni wapi na nyuma ni wapi. Mzee hakupewa waya wa pili.

"Waya wa pili nitakuwa mie," nikasema. "Begi lako lichukue, kaka."

Alilichukua, lakini alisema anatupa mpaka mavuno.

Karibu na nyumba yetu lilining'inia rimu la lori, la kuwaitia watu kazini. Kesho yake jioni, muda wa kufunga kazi, nikachukua nondo nikaligonga, ili baba akiwa shambani asikie upande wa nyumbani. Baba akasikia. Na majirani waliokuwa wameshatangulia nyumbani wakasikia. Kabla mikono yangu haijaacha kuuma, nyumba kumi zote zilikuwa zimesimama mbele yangu na majembe begani, wengine na tonge mdomoni, wakiuliza kuna kazi gani tena. Balozi aliniuliza kama nafahamu maana ya mali ya umma.

Ikabidi mkutano. Ulikuwa mrefu. Mwishowe ikaamuliwa kwamba rimu likigongwa mfululizo ni kazi, na likigongwa haraka, haraka, halafu polepole, ni la mzee, na mtu asisumbuke. Nililigonga hivyo kila jioni. Mnara ulimpa baba mstari, na mie nikampa upande. Mavuno yalifika, yakapita, na mengine yakafuata, na kaka hakulitaja tena begi. Baba aling'oa karanga mpaka akazeeka kabisa, na kwa muda wote huo majirani wakawa wakisikia la mzee, hawageuzi hata shingo.

Alifariki nyumbani kwetu, mchana, baada ya kula. Jioni ikafika, na mimi nilikuwa ndani naye, sikutoka kugonga rimu. Sikuwa nimemtuma mtu kwa yeyote. Niliposikia miguu uani nikachungulia. Nyumba kumi zote zilikuwa zimesimama mbele ya rimu, balozi yuko mbele, na hakuna hata mmoja aliyekuja na jembe.