Usizungushe Mkononi

Enzi zetu kijijini Dadamu, mgomba ukishakatwa mkungu, kazi ndiyo kwanza imeanza. Mama alilibandua lile gogo gamba baada ya gamba, akatugawia sisi wanawe, nasi tukakaa uani kukwangua kwa kisu butu mpaka nyama yake laini itoke, zibaki nyuzi nyeupe. Maji yake yalinuka uchachu, na yakikupata kwenye nguo, doa lake utazikwa nalo. Kamba za mbuzi, kamba za kufungia kuni, zote tulisokota wenyewe. Mipira je? Majani makavu ndani, nyuzi juu, ukipigwa nao mgongoni unaita mama yako! Watoto wa siku hizi mpira ukiishiwa upepo wanaenda kulala.

Msidhani ilikuwa raha tupu. Tuliogopa nyoka wa kijani waliojificha kwenye magamba, na kuliko nyoka tulimwogopa Mama. Sheria yake ilikuwa moja: kabla hujavuta gamba chini ya kisu, zungusha ncha ya nyuzi kiganjani ikaze, ndipo uvute kwa nguvu. "Zungusha mukono!" alikuwa akifoka. "Usipozungusha, kamba itakimbia." Aliyeacha iteleze alionja fimbo. Mdogo wangu Rukia ndiye aliyeionja sana, kwa hiyo ndiye aliyekuja kuijua kazi kuliko sisi wote. Akishika nyuzi, mkono unazunguka huku yeye anapiga soga.

Rukia aliolewa Koboko, na sasa kuna karakana huko inayonunua magogo ya migomba kwa wakulima. Nyuzi zinachanganywa na gundi kali, zinashindiliwa kwenye kalibu, zinatoka mbao ngumu za dari. Jamani, takataka zetu zimekuwa dari! Rukia alipopata kazi pale nilipiga vigelegele dukani kwangu Arua mpaka majirani wakaja kuuliza nani anaolewa.

Kisha nikaenda kumtembelea, na tangu siku hiyo sina amani. Mashine yao ina gurudumu la chuma lenye meno, linazungushwa na injini. Unaingiza gamba hadi nusu, halafu unalivuta lirudi likiwa nyuzi tupu, kisha unashika nyuzi hizo na kuingiza nusu iliyobaki. Wanaambiwa kila asubuhi: shika kwa vidole tu, ili mashine ikivuta, uachie. Nilimkuta mdogo wangu mashineni, nyuzi mkononi, anacheka na mwenzake, na mkono wake ukaanza kuzunguka. Nyuzi zikakaza kiganjani. "Rukia, achia!" nilipiga kelele, lakini injini ilimeza sauti yangu. Mashine ikamvuta mbele. Mwenzake alipoona amepepesuka, akarukia swichi. Gurudumu lilisimama vidole vya Rukia vikiwa karibu kabisa na meno yale, na nyuzi ilibidi tuzikate kwa kisu, maana zilikuwa zimeingia kwenye ngozi.

"Dada, mi najua," Rukia aliniambia, anafuta damu kwa kitenge. "Najua haizungushwi. Lakini mukono iko nafanya yenyewe."

Nikamsihi aache ile kazi. Akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyechanganyikiwa. "Nikiacha, batoto takula nini? Shamba hakuna." Kidonda kilipokauka, akarudi.

Zamani hofu yetu ilikuwa na mwisho. Ukishachapwa umechapwa, unafuta machozi, unakula muhogo na wenzako, unalala fofofo. Hii ya sasa inaamka na mimi. Kila asubuhi nampigia simu kabla hajaingia kazini. "Usizungushe," namwambia. "Ndiyo, Dada," ananijibu, tena anacheka. Baadaye nikipiga tena, simu inaita tu, maana mikono yake iko kwenye mashine, nami nasimama dukani, mteja ananisemesha simsikii.

Juzi nikasema ngoja nijaribu mwenyewe, nimtafutie namna nyingine ya kushika. Nikachukua gamba la mgomba, nikakaa uani, nikajiambia vidole tu, vidole tu. Nikavuta. Nilipotazama chini, kiganja changu kilikuwa kimeshafungwa nyuzi. Mama tulimzika miaka mingi iliyopita, lakini mikono yetu bado inamwogopa.