Jumapili ya Mama, Alhamisi ya Mashine

Duka la baba yake Surjit lilinuka mafuta ya taa, kamba za katani na misumari mipya, na ukipita mlango wa nyuma ukaingia stoo, harufu hiyo ilichanganyika na ya vitunguu na bizari vilivyokuwa vikikaangwa na mama yake ng'ambo ya ua. Mpaka leo nikiingia duka la vifaa vya ujenzi, pua yangu inanirudisha Nakuru mwaka wa sabini na tano, mimi na Surjit tukiwa kidato cha tatu, tumekalia mikebe ya rangi, tumeinamia kitabu kisicho na jalada. Kitabu chenyewe kilifundisha kuandika programu za kompyuta. Kompyuta hatukuwa tumeiona hata kwa picha, maana kurasa zenye picha ndizo hasa zilizokuwa zimechanika. Kaka yake Surjit, jina lake Balbir, alifanya kazi Nairobi katika ofisi iliyokuwa na mashine hiyo, na kitabu kilipotupwa alikiokota akakileta nyumbani. Surjit alikisoma mara mbili peke yake, halafu akaniita. Aliniita kwa sababu nilikuwa namshinda hesabu. Mambo mengine yote alikuwa ananishinda yeye, na hakuacha kunikumbusha.

Sasa utajifunzaje kuamrisha mashine usiyokuwa nayo? Surjit alipata jibu upesi: mashine nitakuwa mimi, Njeri. Tulikusanya visanduku vitupu vya viberiti, tukaandika herufi moja juu ya kila kimoja, na ndani yake tukaweka kipande cha karatasi chenye namba. Hiyo ndiyo ilikuwa kumbukumbu yangu. Surjit aliandika amri kwenye daftari la hesabu la miraba, herufi moja katika kila mraba kama kitabu kilivyoagiza, nami nilizitekeleza moja baada ya nyingine, nikifungua kisanduku hiki, nikitupa namba ya zamani, nikitia mpya. Sharti lilikuwa moja tu, kwamba nisifikiri. "We Njeri, wacha kufikiria!" alinifokea kila nilipojaribu kurekebisha kosa lake kimyakimya. "Mashine haifikirii!" Basi siku moja alisahau kuandika amri ya kusimama. Mimi, kwa ubishi wangu niliozaliwa nao, niliendelea kujumlisha moja, na moja, na moja tena, huku akinibembeleza ninyamaze. Sikunyamaza. Niliendelea mpaka mama yake akatuita chai, na hata hapo niliondoka nikihesabu. Tulicheka hadi chai ikatutoka puani, lakini somo lile la kusimama hakulisahau tena.

Likizo ya Agosti ilipoanza tulikuwa tumechoka kujumlisha. Tukaamua kuandika programu ya maana, ya kukupa siku ya juma ukiipa tarehe yoyote. Tulihesabu siku zote tangu mwanzo wa karne, tukagawanya kwa saba, tukatazama kilichobaki. Ile miaka yenye siku moja ya ziada mwezi wa Februari ilitusumbua karibu wiki nzima. Hatimaye tuliijaribu kwa siku ya uhuru, nayo ikasema Alhamisi, na watu wazima wote wa mtaa wetu walikubali kwamba ilikuwa Alhamisi. Tuliijaribu kwa tarehe ya kuzaliwa ya Surjit, ikasema Jumanne, na baba yake akatikisa kichwa kwa mshangao akasema naam, Jumanne, tena asubuhi. Ikabaki yangu. Cheti changu cha shule kilisema tarehe kumi na nne Mei, mwaka wa hamsini na tisa. Nilifungua visanduku, nikafunga visanduku, nikapata Alhamisi.

Nilikimbia nyumbani, mtaa wa Bondeni, kumpa mama habari. Alikuwa amekaa kwenye kizingiti akichagua viazi vya Molo, vizuri upande huu na vilivyokatwa na jembe upande ule, vya kuuza kesho yake. "Alhamisi?" aliniuliza, hata hakuinua macho. "Ulizaliwa Jumapili." Nikamwambia hesabu zinasema Alhamisi. Hapo akaniangalia. "Ngoja kwanza. Mimi ndiye nilikuzaa, ama ni hiyo karatasi?"

Usicheke. Jambo lile lilinikosesha raha kabisa. Mama yangu hakujua kusoma, lakini sijawahi kumjua mtu mwenye kumbukumbu kama yake. Angeweza kukutajia nani alivaa nini kwenye arusi ya miaka kumi iliyopita. Kama alisema kweli, basi programu yetu ilikuwa mbovu, na miezi yote ile stoo tulikuwa watoto wanaochezea viberiti na kujiita wataalamu. Kama programu ilikuwa sawa, basi mama alikuwa amekosea siku ya kumzaa mtoto wake wa kwanza, nami sikuwa tayari kuliamini hilo. Surjit naye alianza kuishuku mashine. "Labda ulijumlisha vibaya," alisema. Nilirudia mara nne. Alhamisi. "Basi labda ulikuwa unafikiria," akasema, na siku ile tulikosana, nikaenda zangu bila kuaga.

Kilichotupatanisha ni habari kwamba familia yao inahamia Uingereza mwisho wa mwezi. Aliniambia tukiwa tumesimama katikati ya duka, kreti zikipigiliwa misumari nyuma yetu. Siku zilizobaki zilikuwa chache, na hakuna kati yetu aliyetaka tuachane bila kujua kama tulichojifunza ni kitu au si kitu. Tukamwandikia Balbir. Akajibu kwamba mkubwa wake amekubali kuipitisha programu yetu kwenye mashine saa ya chakula cha mchana, tuitume upesi. Tuliinakili kwa mwandiko wetu bora kabisa, tukaipeleka posta.

Ilirudi na karatasi pana yenye vitobo pembeni, imejaa malalamiko mstari kwa mstari. Mashine ilikuwa imekataa kila amri tuliyoandika, kila moja! Surjit alikaa chini akalia. Mimi nilichukua kitabu nikakisoma upya kwa hasira, na ndipo nikaona: miraba sita ya kwanza ya kila mstari ilitakiwa iachwe wazi. Kwenye mifano yote ilikuwa wazi, na sisi tulikuwa tumeiona. Lakini shuleni kwetu aliyeacha nafasi tupu daftarini alichapwa viboko kwa kupoteza karatasi, kwa hiyo tuliandika kuanzia ukingoni kabisa kama watoto wenye adabu, tukidhani mwenye kitabu ni tajiri asiyejali. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu, nikamwonyesha, naye akafuta machozi akacheka pia. Tuliandika yote upya na kuacha miraba sita sita. Balbir alituonya kwamba safari hii ndiyo ya mwisho.

Jibu lilifika siku tatu kabla hawajaondoka. Surjit alikuja nalo mbio hadi kwetu, na hakuwa amelifungua. Tulilifungua pale pale kizingitini, mbele ya mama. Karatasi ile kubwa ilikuwa na namba tatu tu: nne, mbili, nne. Kwenye programu yetu moja ilikuwa Jumatatu. Siku ya uhuru, Alhamisi. Surjit, Jumanne. Mimi, Alhamisi. Surjit alinirukia shingoni akipiga kelele, nami nikapiga kelele pia, kisha nikamkumbuka mama na furaha ikanikauka. "Inasema bado Alhamisi, mama," nikamwambia polepole.

Mama alishusha kiazi alichokuwa amekishika. "Hiyo tarehe mnaipa mashine, mnaipata wapi?" aliuliza. Nikamwambia, kwenye cheti. Na cheti kiliandikwa kutoka wapi? Kutoka karatasi ya lile shamba la Molo alikokuwa kibarua, ile aliyoitunza kwenye sanduku. "Nilikuzaa Jumapili," akasema. "Watu walikuwa wanaimba kanisani, niliwasikia. Siku nne baadaye nikakufunga mgongoni nikaenda kwa karani, kuomba nisichume pareto wiki hiyo. Akauliza, mtoto ni huyu? Nikasema, ni huyu. Akaandika. Hakuuliza ni lini."

Surjit alikuwa tayari anahesabu kwa vidole, akirudi nyuma kutoka Alhamisi. Tarehe kumi. Nilizaliwa tarehe kumi Mei, na mpaka siku ile hakuna mtu duniani aliyejua siku yenyewe isipokuwa mwanamke mmoja ambaye hakuna aliyewahi kumuuliza. Mama alikuwa sawa na programu ilikuwa sawa. Sijawahi kupata matokeo ya mtihani yaliyonifurahisha kama yale, na baadaye nilifanya mingi, kwa kuwa maisha yangu yote ya kazi yamekuwa ya kompyuta.

Halafu mama akaikunjua ile karatasi magotini, akazipapasa zile namba asizoweza kuzisoma. "Sasa," alisema, na alikuwa na haya kama msichana, "mimi iniambie nilizaliwa lini." Surjit alichukua kalamu haraka. "Tarehe gani, mama?" Mama alitutazama mmoja baada ya mwingine. "Si ndiyo nawauliza?" Alijua ilikuwa wakati wa nzige, na kwamba mahindi yalikuwa machanga. Tulikaa pale na kalamu yetu, wataalamu wawili, hatuna cha kuandika.

Siku hizi mjukuu wangu anaichapa tarehe yoyote kwenye simu na siku inatokea kabla sijavaa miwani. Nilimsimulia haya, naye akaniambia kwa huruma kwamba programu yetu ya Agosti nzima angeiandika akinywa soda. Ni kweli, angeiandika. Mama tulimzika mwaka juzi. Fundi wa msalaba aliniuliza tarehe ya kuzaliwa, na mimi niliyefanya kazi na mashine hizi miaka yote hii nilimwambia aache hapo wazi.