Karatasi Niliyoiita Chafu

Sogea karibu, wewe unayenisikiliza, na neno la kitaalamu lisikutishe. Kila moja nitalieleza taratibu mpaka likuingie. Nataka kukusimulia jinsi nilivyosomea kwa njia ya simu kupima umeme wa moyo, na jinsi nilivyompima mama yangu mkubwa, dada wa marehemu mama, yeye aliyenilea, kisha nikaikataa karatasi yake. Mama mkubwa sasa hasemi. Nakwambia mapema usije ukakaa unangojea furaha.

Tuanze na kipimo chenyewe. Moyo unapopiga hutoa umeme kidogo sana. Tunabandika vibandiko kumi, sita kifuani na vinne mikononi na miguuni, tunaunganisha waya, na mashine inachora mstari kwenye karatasi ya miraba midogo. Kila pigo linachora mlima mmoja mrefu, mwembamba kama msumari, na kabla ya mlima kinatangulia kilima kidogo cha mviringo. Katikati panabaki uwanda. Uwanda ukitulia, na milima ikifuatana kwa nafasi sawa, mara nyingi mambo ni mazuri. Ukilielewa hilo, nusu ya kazi yangu unaijua tayari.

Nilikuwa mhudumu katika kituo kimoja binafsi cha afya mjini Mbinga. Nilifua mashuka, nikapima uzito, nikawaelekeza watu vyumba. Kituo kilikuwa na mashine ndogo ya moyo, ya kubeba kwenye mkoba, imelala kabatini kwa sababu aliyejua kuitumia alikwenda kufanya kazi mkoa mwingine. Nikajiandikisha kwenye mafunzo ya mtandaoni. Kila Jumanne na Alhamisi saa kumi jioni nilijifungia kwenye stoo ya mashuka, karibu na dirisha, mahali pekee ambapo mtandao ulishika, nimejitanda blanketi la wagonjwa kwa ile baridi ya Juni.

Mwalimu wetu alikuwa na sauti nzuri na ulimi wa wembe. Ili uruhusiwe kufanya mtihani ulitakiwa kutuma picha za karatasi ishirini safi, za watu halisi uliowapima mwenyewe, na kila iliyofika aliionyesha mbele ya darasa zima. Karatasi yangu ya kwanza ilikuwa ya mkulima wa kahawa aliyekuja kituoni na presha. Uwanda wake wote ulitetemeka.

"Dada wa Mbinga, washa kamera tukuone," mwalimu alisema. Nikawasha. "Huyu mtu wako umempaka samli? Ulikuwa unampima au unamkaanga?"

Watu wa mikoa yote walicheka. Mmoja aliandika kwamba anasikia harufu ya kitunguu. Nilicheka nao, maana kamera ilikuwa wazi.

Lakini mwalimu alikuwa amegusa jambo bila kujua. Huku kwetu mtu akiambiwa anakwenda kupimwa, anaoga, kisha anajipaka mafuta mwili mzima mpaka ang'ae. Kumvulia daktari shati ukiwa umepauka ni aibu ya ukoo. Watasema kwenu hakuna anayekutazama. Sasa kibandiko juu ya mafuta hakishiki vizuri, na kisiposhika, mstari unatetemeka. Masomo yetu yalitaja jasho na nywele za kifuani. Mafuta ya heshima hayakutajwa. Niliyagundua mwenyewe, nikaanza kumsugua kila mtu kwa spiriti na kitambaa kikavu, na karatasi zangu zikanyooka.

"Dada wa Mbinga ameacha kukaanga," mwalimu akatangaza. Hiyo ndiyo sifa pekee aliyonipa, na niliibeba kifuani kama medali.

Julai nilikuwa na karatasi kumi na saba. Nikachukua likizo, nikaazima mashine, nikashuka ziwani, kijijini Lundo, kumalizia tatu zilizobaki nyumbani kwa mama mkubwa.

Nilimkuta anageuza usipa, wale dagaa wetu wa ziwani, juu ya chanja.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba. Mbona umekonda? Huko juu wanakulisha ukungu?"

"Nasoma, mama mkubwa."

"Unasoma kwa simu. Na mimi nikiitazama simu sana, nitakuwa padri?"

Ndivyo alivyokuwa. Alipoinua beseni nikamwona anasimama njiani, anatua, anavuta pumzi. Akaniambia siku hizi kutoka mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, hadi nyumbani anapumzika mara mbili, na kwamba moyo wakati mwingine unarukaruka kama usipa aliyetolewa majini. "Uzee," akasema. Nilimsikia vizuri kabisa. Nikacheka ule mfano.

Kesho yake asubuhi majirani walijaa uani. Nilitandika mkeka ndani, mlango wazi, pazia limefungwa nusu. Wawili wa kwanza nikawasugua, nikawapima, karatasi zikatoka safi. Ikabaki moja. Mama mkubwa akaingia na gauni lake la kanisani, ngozi inameremeta kuanzia shingoni.

Nikamfuta kwa spiriti, nikabandika, nikabonyeza. Uwanda ukatetemeka. Nikabandua, nikamfuta tena kwa nguvu zaidi. Ukatetemeka. Mara ya tatu nikachukua dodoki na sabuni, nikamsugua kifua mpaka kikawa chekundu, naye ameuma meno, anatazama dari. Mstari ukatoka uleule.

"Mama mkubwa, umejipaka mafuta tena?"

"Nijipake saa ngapi, na mikono yangu umeifunga waya?"

Nje mtu alicheka. Nilikuwa nimechoka, vibandiko vilikuwa vinaisha, na sauti ya mwalimu ilikuwa kichwani mwangu. Ikatoka kinywani.

"Basi ni uchafu wa siku nyingi. Sijui hapa nakupima au nakukaanga!"

Wanawake uani walipiga mapaja. "Mwongeze chumvi, dada!" mmoja akapaza sauti. "Na pilipili!" mwingine akaitikia. Nami, nisikufiche, niliona raha. Kwa mara ya kwanza kicheko kilikuwa upande wangu.

Mama mkubwa hakucheka. Alijibandua vibandiko mwenyewe, kimoja kimoja, akajifunika kanga.

"Nimekuogesha mpaka ukaota matiti," akasema polepole. "Leo mchafu ni mimi."

Nikaandika neno "chafu" kwa kalamu nyekundu juu ya karatasi yake, nikaiacha juu ya mkeka, nikamwita mkamwana wa jirani. Yake ilitoka safi kwa mara moja tu. Ishirini zikatimia.

Wiki tatu baadaye, stooni, mwalimu alifungua somo jipya na karatasi moja ikajaa kwenye skrini. Uwanda wake ulitetemeka toka mwanzo hadi mwisho. Akauliza hii ni nini. Nilikuwa wa kwanza kujibu: "Mafuta, mwalimu."

"Dada wa Mbinga, rudi jikoni," akasema. "Tazama nafasi."

Hapa naomba unifuate taratibu, ni rahisi. Chukua kipande cha karatasi, weka ukingo wake chini ya milima, tia alama ya kalamu chini ya mlima wa kwanza na wa pili. Sasa sogeza kipande mbele. Kama tatizo ni mafuta, uwanda utatetemeka lakini alama zako zitaangukia milima inayofuata kwa nafasi ileile, kwa sababu moyo wenyewe hauna neno. Lakini vyumba vya juu vya moyo vikiacha kupiga vikabaki vinatetemeka tu, uwanda nao hutetemeka, kile kilima kidogo hupotea, na milima huja ovyo: miwili inasukumana, wa tatu unachelewa. Alama zako hazitapata pa kuangukia. Damu kwenye vyumba hivyo inakaa kama maji ya dimbwini, inaganda, na donge likitoka hapo linaweza kupanda kwenye ubongo. Hicho ndicho kiharusi. Dawa za kukizuia zipo, ila lazima kwanza mtu ajue.

Niliiona karatasi ya mama mkubwa kana kwamba nimeishika. Milima yake ilikuwa ovyo. Nilikuwa nimetazama uwanda peke yake.

Nikampigia simu. "Mama mkubwa, ile karatasi yako ipo?"

"Ile chafu? Nimeitumia kumfungia mama mchungaji usipa."

Sasa sikiliza nilichofanya, maana kila kitu kipo hapa. Sentensi niliyotakiwa kusema ilikuwa fupi: nilikosea mimi, moyo wako ni mgonjwa, nenda hospitali leo. Ningeisema, ingebidi pia nikiri kwamba nilimsugua mgonjwa kwa dodoki mbele ya watu, na ule mtaa ungelijua kabla jua halijazama. Nikasema hivi: "Mwalimu anataka turudie kipimo chako. Panda basi uje Mbinga, ni kwa ajili ya mtihani wangu."

Nikasikia beseni likitua chini.

"Mtihani wako," akasema. "Uliponisugua kama sufuria, ulikuwa mtihani wako. Nije tena huko kwenye baridi nivuliwe nguo nichekwe? Wapime hao wasafi."

"Mama mkubwa, tafadhali."

"Soma mwanangu. Soma sana."

Akakata. Mtihani ulikuwa umebaki siku nane. Nikajiambia nitafanya mtihani, kisha nitashuka na mashine, nitampima taratibu chumbani, nitamwelewesha. Nilikuwa na simu mkononi siku zote hizo. Siku ya sita, mjomba wangu alipiga. Mama mkubwa alianguka kwenye chanja, usipa wote wakamwagika juu yake, na alipoinuliwa mdomo ulikuwa umekwenda upande na mkono wa kulia unaning'inia.

Hospitalini walimpima. Mstari ulikuwa uleule. Daktari kijana akauliza kama mgonjwa aliwahi kupimwa moyo kabla. Mjomba alinitazama, na nikajibu hapana.

Mtihani nilifanya. Karatasi ya uwanda unaotetemeka ilikuwa swali la nne. Nilipata alama zote za swali hilo.

Leo mashine ile ni kazi yangu, na mama mkubwa anaishi nami hapa Mbinga, kwenye baridi aliyoikataa. Kila asubuhi namwogesha. Nikifika kifuani huvuta kanga kwa mkono wake mzima na kugeuzia uso ukutani. Nimekwisha kumwambia ile sentensi fupi, nimeirudia mara nyingi. Macho yake hunitazama mpaka niimalize, kisha hurudi ukutani. Kama ananielewa, hawezi kunijibu; kama hanielewi, nimeisema bure.

Wewe huna haja ya mashine kuanza. Nenda leo kwa mzazi wako, umwombe mkono, kiganja kikitazama juu. Weka vidole viwili, cha shahada na cha kati, kwenye kifundo, upande wa kidole gumba chake, ubonyeze polepole mpaka usikie pigo. Tulia hapo dakika nzima usikilize nafasi kati ya pigo na pigo. Mapigo yakija ovyo, mpeleke hospitali leo hiyohiyo, na kabla hamjatoka mlangoni mwambie kwa nini.