Mfungo wa Mayai wa Shemasi Abner

Kwetu Kamina hatuendi kumwona mgonjwa mikono mitupu. Unamletea mayai, maziwa ya unga au samaki wa Bukama, kisha unakaa mbele yake mpaka ameze. Akikataa, amekuita mlozi.

Kwa desturi hiyo njema, watu wa kanisa walikuwa wakimuua shemasi Abner, fundi wa reli, polepole na kwa upendo. Tumbo lilipomuuma walikuja, walipokuja alitapika, alipotapika walirudi na mayai zaidi. Alinyweshwa dawa za minyoo hata minyoo ya majirani ikaogopa.

Mwaka 1995 dada yake Marceline alimpeleka Lubumbashi kwa treni. Huko hospitalini walimtoa kijinyama kidogo tumboni, wakakipima.

« Hakuna minyoo, » daktari alisema. « Mu damu kuko basoda ba kupiganisha minyoo. Bake bamekosa adui, sasa banashambulia tumbo yenyewe. »

« Njo basoda betu, » Marceline alisema. « Bakikosa adui, banaingia mu soko. »

Daktari akatazama mlango. « Mama, miye sikusema vile. »

Alitoa vidonge vya kuwatuliza hao askari, akakataza maziwa, mayai, samaki na mkate. Tumbo likipoa, wangejaribu kurudisha kimoja kimoja, waone mkorofi ni yupi.

Kukataza ni rahisi ukiwa Lubumbashi. Waliporudi Kamina, jirani yao Mama Léa alikuwa mlangoni na sahani ya mayai.

« Papa Abner, kula. Ao weye unaniwaza mulozi? »

Marceline akaruka: « Hapana, Mama Léa! Iko mu mfungo. Ameahidi Mungu: hakuna mayai, maziwa, samaki wala mukate. »

Nani atabishana na mfungo? Mama Léa alipiga magoti. Abner akala bukari, ugali wetu, na matembele, akanenepa. Mchungaji Mathieu akamsifu mimbarini. Nusu ya kanisa wakaacha mayai, na kuku wa Kamina wakapata amani ambayo nchi haikuwa nayo.

Vita vya 1998 vikasimamisha treni. Vidonge vikaisha, lakini matembele hayakuisha, na Abner alikuwa mzima. Ndipo mchungaji akatangaza sherehe ya kufungua mfungo, ili watu wafurahi kidogo.

Marceline alimfuata nyuma ya kanisa. « Pasta, haikukuwa mfungo. Ni ugonjwa. Akikula, atakufa. »

« Mama, Mungu ameisha kumuponyesha. Usikose imani. »

Jumapili wakamwekea mayai yaliyopigwa na maziwa, na samaki juu yake. Kanisa zima likakaa mbele yake. Abner, ambaye hakuwahi kumwaibisha mtu, alimtazama dada yake, akameza.

Siku chache baadaye hata maji hayakukaa tumboni. Lubumbashi ilikuwapo, treni haikuwapo. Mungu akampokea.

Kwenye matanga walileta mayai. Mchungaji akahubiri kwamba njia za Bwana hazichunguziki. Marceline aliyakaanga yote, akamtengea mchungaji.

« Pasta, kula. »

Alikula kidogo, akasukuma sahani, akaomba maji.

« Bado, » Marceline alisema. Akavuta kiti, akakaa mbele yake mpaka ameze.