Masaa Sita ya Usingizi

Siku moja kabla ya vita, mimi na Masanja tulifua nguo mtoni, tukazianika kwenye uzio wa kambi, tukala ugali na maharage. Tulikuwa wanajeshi, Kongo mashariki. Mimi natoka Buzuruga. Yeye alikuwa wa Magu, mtoto wa wakulima wa mpunga, mcheshi, mpenda kulala. Alisema mtu asiyelala masaa manane anajidanganya kwamba amepumzika.

Kesho yake alfajiri mabomu yakaanza kuanguka.

Siku nne hakuna aliyelala zaidi ya nusu saa. Siku ya tatu nilimwona marehemu bibi yangu akipita kwenye handaki na ndoo kichwani, nami nikampisha.

Asubuhi ya siku ya tano mizinga ilinyamaza. Sajini akaagiza tupokezane: mmoja alale masaa mawili, mwenzake alinde. Nilianza mimi.

"Utaniamsha?"

"Lala, kaka. Nitakuamsha."

Hakuniamsha.

Niliamka mwenyewe. Masaa sita yalikuwa yamepita. Mwili ulikuwa mwepesi, kichwa kimetulia, hata njaa niliisikia kwa furaha. Nikajinyoosha. Nikatabasamu.

Masanja alikuwa ameketi, kidevu kifuani.

Nikamgusa bega.

Risasi ilimwingia juu ya sikio. Damu ilishakauka. Macho yalikuwa yamefumba, mdomo wazi kidogo, kama alivyolala siku zote. Alinionea huruma, akaniacha nilale, kisha usingizi ukamzidi. Nami mlio wa risasi iliyomuua sikuusikia.

Sijawahi kupumzika vile tena. Sasa naishi Nyakato. Nikipata masaa matatu nashukuru.

Niliporudi kutoka Kongo nilikwenda Magu kwa mama yake. Nilimkuta anapepeta mchele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Akanikaribisha kigoda, akaniuliza swali moja tu. "Risasi ilimkuta amelala?"

Kwa mlinzi, kulala ni aibu. Nikamlindia mwenzangu heshima.

"Hapana, mama. Alikuwa macho."

Ungo ukasimama mikononi mwake.

"Kila siku namwomba Mungu iwe ilimkuta usingizini," alisema. "Asiwe ameogopa."

Hapo nikamweleza yote: zamu, masaa sita, macho yaliyofumba. Nililia nikieleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa.

"Asante, baba. Najua unanifariji tu."